Supu inaliwa au inanywewa? Maswali ya msomaji aliyekula Taipei

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi kwetu Tanga ila saivi niko Taipei nasoma. Juzi nilishuka na rumeti wangu, Mkenya wa Nakuru, kule chini kabisa ya moli kwenye vibanda vya vyakula, tukakaa kwenye kibanda kimoja wanauza vyakula vya kawaida vya hapa, vile vya nyumbani. Nikaposti: "Leo nimekula supu ya nudozi, chakula cha faraja cha Kitaiwan, na kuku ya kukaanga". Balaa. Kaka yangu kanijia juu eti supu hailiwi, inanywewa. Rumeti anasema supu inakulwa bila shida yoyote. Dada yangu yeye kauliza nani amefariki. Nani yuko sawa? Af zile tambi laini ila zinarudisha rudisha kwenye meno, Kiswahili tunasemaje? Na tekiawei je?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na dada yako maana huyo ndo kapatia kuliko wote.

Faraja ni neno zuri lakini lina makazi yake, na makazi yake ni msibani. Mungu awape faraja, tumekuja kuwafariji, mfariji wa wafiwa, ndo huko linakoishi. Sa ukimwambia mtu wa Tanga umekula chakula cha faraja yeye anaona turubai, anaona sufuria la pilau la hitima, lazima aulize nani katangulia. Najua ulipolitoa, ulikuwa na komfoti fudi kichwani ukatafuta neno la komfoti ukaweka, watu wengi wanafanya hivo, na mi nasema hapana. Kiswahili kina kuliwaza. Mtoto akilia analiwazwa, mpenzi akinuna analiwazwa, kwenye taarabu maliwazo yamejaa tele, na hakuna aliyekufa. Chakula cha kuliwaza, au chakula cha kutuliza roho, hapo unaeleweka kabisa. Tena kusema kweli watu wetu wala hawatafuti jina, wanasema tu kilichowapata: nimekula roho ikatua. Ukiandika hivo dada yako atauliza umekula nini, ambalo ndo swali ulilotaka uulizwe.

Haya, supu.

Kitenzi kwenye Kiswahili hakiangalii mdomo unafanya nini, kinaangalia kitu kinaitwaje. Mtu akiamka asubuhi Dar akaenda kwenye supu ya kongoro, pale anang'ata, anavuta mishipa, anafyonza mfupa, anachovya chapati, anakamulia ndimu na pilipili mpaka jasho linamtoka, kazi nzima ni ya meno, na ukimuuliza umetoka wapi anakwambia nimetoka kunywa supu. Chai nayo hivohivo, mtu akikuuliza asubuhi umeshakunywa chai haulizi kimiminika peke yake, anauliza na mihogo na maandazi na kiporo vyote humohumo. Uji hata uwe mzito kijiko kinasimama, unanywewa. Kwa iyo kaka yako ana hoja, supu inanywewa. Wachina na Wataiwan nao wako upande wake, wao wanasema he tang, yaani kunywa supu, na ukienda mji wa Tainan kuna niurou tang, supu ya ng'ombe ya asubuhi, vipande vyembamba vya nyama mbichi vinawekwa kwenye bakuli af wanamwagia supu inayochemka, nyama inaivia humohumo, na watu wanaamka alfajiri kuiwahi. Mtu wa supu wa Kinondoni ukimpeleka pale hahitaji mkalimani, ila ataulizia chapati.

Rumeti wako asinune lakini. "Kula supu" inasikika sehemu nyingi, bara na hata pwani kwa vijana, na hakuna anayekosa kuielewa. Hilo la "inakulwa" ndo lake mwenyewe na wenzake, kwenye maandishi rasmi ni inaliwa, kwenye meseji za washkaji aandike anavotaka, mi siingilii.

Ila sasa nyote watatu mmegombania kitenzi kabla ya kuuliza jambo la msingi, hivi ulichokula kilikuwa supu kweli? Ulisema kuna nudozi, na kama ni kibanda cha vyakula vya nyumbani Taiwan na bakuli lilikuwa na mchuzi mwekundu-kahawia na mapande ya nyama, basi ni niurou mian. Niu ng'ombe, rou nyama, mian tambi. Chakula hicho kilijulikana zaidi baada ya 1949, wanajeshi na familia zao waliohamia kutoka China bara wakaja na mapishi yao ya nyama ya kuchemshwa polepole kwenye soya na lile rojo la maharage na pilipili linaloitwa doubanjiang, wakati wakulima wengi wa kisiwani walikuwa hawagusi ng'ombe maana ndo huyohuyo anayewalimia mpunga, unamlaje mfanyakazi mwenzio. Leo ndo kimekuwa kama chakula cha taifa.

Angalia sasa. Kwao tambi ndo bwana wa jina, zinakaa mwisho, kwetu bwana anakaa mwanzo. Kwa iyo ni tambi za nyama ya ng'ombe na kitenzi ni kula: nimekula tambi. Ulivosema "supu ya nudozi" ulimtoa bwana ukamweka mpambe mbele, kama mtu aseme nazi ya wali badala ya wali wa nazi, ndo maana kaka yako kapata pa kukushikia. Na wala sikuchoshi na sarufi bure, hili lina hela ndani yake, maana kwenye hivo vibanda kuna kitu kingine kwenye menyu kinaitwa niurou tang mian, hicho ni tambi kwenye supu ya ng'ombe bila nyama, bei rahisi zaidi, wanafunzi wanakipenda. Sa kwa Kiswahili unavigawa vizuri kabisa: tambi za nyama, na tambi za supu. Ukishuka chini na hela kidogo mwambie rumeti leo tunakula tambi za supu, ataelewa nyama hakuna, hamtagombana mbele ya kaunta.

Kuhusu nudozi na tambi, mi nachukua tambi. Najua pwani tambi ni za Idi, za sukari na iliki na zabibu kavu na tui, mama yako ukimwambia umekula tambi za ng'ombe atashtuka kidogo, mwongezee tu "za chumvi" atatulia. Nudozi siichukii, ni neno la dukani, la pakiti, lina kazi yake. Lakini ukitumia tambi basi zipe wingi wake, tambi hizi zimeiva, tambi zangu zimepoa, sio "tambi hii imeiva". Utambi ni mmoja, huo wa kwenye taa ya kibatari nao ni utambi huohuo, na hakuna anayekula mmoja.

Kuku ni haraka. Kuku wa kukaanga. Kafa, kakatwakatwa, kachovywa unga, kaingia kwenye mafuta, bado ni wa. Kuku wa kupaka, samaki wa kupaka, pweza wa nazi. Ukitaka kuepuka basi sema nyama ya kuku imeiva au vipande vimeiva, maana hapo anayetawala ni nyama au vipande. "Kuku ya" naisikia kila siku kwenye vibanda vya chips, simkamati mtu, ila umeniuliza nimejibu. Na kama alikuwa yule wa vipande vidogo vidogo wa unga wa viazi vitamu, yansuji wanamwita, wanamrushia chumvi na pilipili manga, utakuwa umekuta humo majani yaliyokaangwa yakawa makavu kama karatasi, hayo ni jamaa wa mrehani, uleule ambao kwenu Tanga wanawake wanautia kwenye kikuba pamoja na asumini. Mwambie dada yako kwamba huko Taiwan mrehani unakaangwa na kuku uone atakavosema.

Hukuuliza kuhusu wali ila nina hakika uliuona, maana kibanda cha namna hiyo bila lurou fan hakijakamilika. Ni wali mweupe unamwagiwa nyama ya nguruwe ya mafuta iliyokatwa ndogondogo, imechemka muda mrefu kwenye soya na vitunguu vidogo vya kukaanga na viungo, kijiko kimoja tu juu ya wali na mafuta yanashuka mpaka chini. Hapa ndo Kiswahili cha mama ntilie kinapowashinda maprofesa. Wali wa nyama ni uliopikwa na nyama ndani yake, unaelekea upilau. Wali kwa nyama ni wali na kitoweo chake pembeni, lugha ya ustaarabu. Af kuna wali nyama, bila kiunganishi chochote, ile ya kuagiza: nipe wali nyama, nipe wali maharage, ugali samaki. Lurou fan ni hiyo ya tatu. Wali kitimoto, ukiwa na wenzio wa Dar, na ukiwa na Waislamu mezani, nadhani Tanga unao wengi, taja nguruwe wazi usijifiche kwenye "nyama" peke yake. Nyama bila sifa kwetu mtu anawaza ng'ombe au mbuzi, na kule kwenye vibanda vya Taipei rou bila sifa mara nyingi ni nguruwe. Hilo neno dogo limewaponza wengi.

Na msidhani nyie wawili na rumeti wako ndo mnagombania majina ya vyakula peke yenu. Kaskazini ya Taiwan ukisema lurou fan unaletewa hiyo ya kukatwakatwa, kusini yake wanaiita rouzao fan na ukisema lurou fan unaweza kuletewa pande zima la nyama ya tumbo juu ya wali. Af mwaka 2011 kitabu cha mwongozo wa wasafiri cha Michelin kiliandika kwamba hicho chakula asili yake ni jimbo la Shandong. Sababu ni kwamba vibanda vingi vinaandika lu kwa herufi ambayo ndo jina la zamani la Shandong, badala ya herufi ya lu ya kuchemsha kwenye soya, zote zinatamkwa sawa. Jiji la Taipei likaja juu, likagawa mabakuli ya bure kwa wananchi kudai chakula chao. Kosa la tahajia watu wakala bure, mi ningependa na huku yatokee.

Sasa hilo la meno. Wataiwan wana neno moja wanaliandika kwa herufi ya kizungu, Q, utaliona hata kwenye mabango, na likizidi wanasema QQ, kwa ajili ya tambi, vidonge vya samaki, na zile punje nyeusi za kwenye chai ya maziwa. Sisi neno moja lenye sifa hiyo hatuna na haina haja ya kulitunga usiku huu. Teketeke ni laini mno, tepetepe imeshaharibika, nyororo ni ya ngozi na kitambaa, na "kama mpira" ni tusi kwa mpishi. Pwani tunalo inavutika, haluwa iliyopatia inavutika, ukiuma inakubali halafu inarudi, ndo hiyohiyo. Tambi zinavutika, zimeiva bila kulegea. Hilo la kulegea lina uzito, tambi zikikaa kwenye supu zinalegea, na mtu wa Taipei haziiti tena nzuri.

Zile punje za kwenye chai rumeti wako bila shaka anaziita boba, muache. Kichina ni zhenzhu, lulu, na chai yenyewe ni chai ya maziwa yenye lulu, tamu kuitamka na haihitaji kubadilishwa. Lulu hizo ni wanga wa muhogo. Muhogo mtupu, mwanangu, huo unaouchoma ukautia ndimu na pilipili barazani, umechemshwa umepakwa sukari umeuzwa kwa bei ya ajabu na mrija mnene. Umeenda mbali ukaukuta.

Tekiawei mwisho. Andika tekiawei ukitaka, lakini kwenye kibanda chochote kuanzia Tanga mpaka Nakuru ukisema nifungie kila mtu anajua. Pale kaunta watakuuliza neiyong au waidai, la kwanza kulia hapohapo la pili kuondoka nacho, jibu la pili ndo nifungie. Na ukishiba kikabaki kwenye sahani wana neno dabao, kufunga kifurushi, usione haya kulisema, huko hakuna anayekushangaa. Hicho ukikila kesho asubuhi na chai ni kiporo, na kiporo nacho utasema umekunywa chai.