Magitaa ya miaka ya 90: jaribu Bachelor

Ndugu uliyeomba albamu ya karibuni yenye mlio wa roki ya miaka ya 90, tafuta Doomin' Sun ya Bachelor, ilitoka 2021. Bachelor ni mradi wa pembeni wa Melina Duterte, yule anayetoa muziki wake kwa jina la Jay Som, na El Kempner (wakati huo Ellen) wa bendi ya Palehound. Waliirekodi Topanga, California, mapema 2020, kwa wiki mbili tu.

Anza na wimbo wa Stay in the Car. Beti zinapita kwa sauti ya chini, besi ikiwa mbele, halafu kiitikio kinafika na magitaa yanalipuka kwa ule mkwaruzo wa bendi za roki za Pixies na Breeders. Hapo mimi huongeza sauti kila mara! Sand Angel ni ya taratibu, isubirie usiku.