Mbege sita, bado mwanagenzi?

Mkuu, umesema umeshapika mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, mara sita, zote zimenyweka zikaisha, na unauliza kama bado wewe ni mwanagenzi. Mimi idadi siitazami sana. Nilipika miaka nyumbani kwetu Machame, Kilimanjaro, nikijiona fundi, kumbe fundi alikuwa mama. Mimi nilikuwa mkoroga sufuria.

Nilijijua nilipohamia Dar. Kulikuwa na ubatizo kwa shemeji, nikajitolea. Nikafuata siku za mama bila kupunguza hata moja: ndizi mbivu nikamenya, nikachemsha mpaka zikawa nyekundu ya udongo, nikafunika kwenye pipa siku sita. Kwa baridi ya mlimani siku sita ni sawa kabisa. Kwa joto la Mbezi, Dar, mwezi wa pili, siku ya tatu povu lilishapanda na kushuka, mimi bado nahesabu. Nilipofunua, harufu ya siki ikanipokea mlangoni. Nikachuja hivyo hivyo, nikachanganya na uji wa kimea (ulezi uliooteshwa) nikijidanganya kuwa utaficha. Wazee wakapokea kata, wakapiga funda moja, wakatulia nayo mkononi. Hakuna aliyesema neno. Ukimwona Mchagga ameshika kata imejaa huku anaongelea mvua, elewa.

Tangu siku hiyo sihesabu. Nafunua, nanusa, naweka sikio pipani kusikia kama bado panachemka.

Kimea nacho kilinisumbua. Ulezi ukishaloweka na kuufunika uote, joto la pwani lenye unyevu linaleta ukungu upesi. Shida ni kwamba vimizizi vya ulezi navyo ni vyeupe, kwa macho unaweza kuchanganya. Pua ndiyo inayoamua: kimea kizuri kinanukia kama majani mabichi, chenye ukungu kinanuka gunia lililolowa. Hicho mwaga, usikionee huruma hata kama ulezi umepanda bei.

Na uji upoe jamani! Mara moja niliharakisha nikamimina wa moto. Chachu ikafa, mbege ikalala tamu kama togwa, watoto wakafurahi peke yao.

Sasa nikuulize wewe: ile ya sita ilikuwa tamu kuliko ya tano? Kwa nini? Kama jibu ni "bahati" au "ndizi zilikuwa nzuri tu", bado kidogo. Kama unaweza kuniambia ndizi zilikaa siku ngapi baada ya kuiva, na ulichuja povu likiwa wapi, basi mimi sina la kukufundisha.

Ya saba pika ndogo, ndoo ya lita 20, andika kila kitu kwenye daftari. Ya nane rudia vilevile, badilisha kitu kimoja tu. Msesewe, lile gome chungu la mti, usiuguse kwanza, mkono ukizidi utakunywa dawa.