Daftari limejaa sahihi, pumzi za mtoto hazijahesabiwa

Swali: Shikamoo Sista. Nasomea uuguzi mwaka wa pili, kwetu Lamu. Sisi hubadilishwa wodi kila wiki mbili. Mwenzangu kapelekwa kituo kidogo cha afya, yuko chini ya muuguzi mmoja tangu aanze. Nani anafunzwa vizuri? Daftari langu la mazoezi, ambalo wakubwa hutia sahihi kila kazi niliyoifanya, lina sahihi nyingi kuliko lake.

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwenzako yuko pazuri zaidi, mradi muuguzi huyo anamfundisha, si kumtuma tu. Ukizungushwa utaona mengi, ila vipandevipande. Katika wodi ya uzazi utasikiliza mapigo ya mtoto, zamu iishe, uondoke kabla alama za patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, hazijavuka mstari wa tahadhari unaoonya kuwa uchungu unachelewa. Anayelelewa na mmoja husahihishwa leo, kesho akarudia mbele ya macho yaleyale. Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, kilianzisha wodi maalumu za kufundishia mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hiyohiyo, wauguzi wa wodi na walimu wa chuo wakilea wanafunzi pamoja. Nawe mwombe sista mmoja akuruhusu umfuate mjamzito mmoja tangu uchungu uanze mpaka kondo litoke.

Lakini hizo sahihi, mwanangu! Hapa Malindi naletewa madaftari yamejaa pomoni. Namwambia mwenyewe ahesabu pumzi za mtoto wa miezi minane: anatupa jicho, anaandika 20. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Umri huo, 50 na zaidi ni kasi ya kushuku nimonia. Aliyeandika 20 amemrudisha nyumbani mtoto mgonjwa, na daftari lake lina sahihi.

Sahihi nyingine huombwa kantini siku ya mwisho, nyingine hununuliwa. Anayeiuza na anayeinunua wote wanamwibia mgonjwa, na sioni sababu ya kuwastahi.

Na wapo wabaya zaidi, wanaotangaza kozi ya unesi ya miezi mitatu, wodi hawaioni kabisa. Mzazi, kabla hujalipa karo, uliza kama chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Kama hakijaidhinishwa, mwanao hatafanya mtihani wa Baraza, hatapata leseni, na hakuna hospitali yenye haki ya kumkabidhi sindano.