Kabla ya Kununua Vipuri vya Kompyuta ya Gemu, Soma Orodha ya Ubao Mama

Kompyuta ya kwanza niliyoiunda mwenyewe kwa ajili ya gemu iliwaka vizuri, feni zote zikazunguka na taa za ubao mama (motherboard, yaani ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote) zikang'aa, lakini skrini ilibaki nyeusi. Nilichomoa kila waya na kuuchomeka upya, nikatoa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nikairudisha, na hatimaye nikalala saa nane za usiku nikiamini kwamba kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ilikuwa imekufa. Kumbe hakukuwa na kifaa hata kimoja kibovu. Ubao mama nilikuwa nimeununua ukiwa umetumika, na ingawa soketi yake, yaani mahali pa kufungia prosesa, ilikuwa ile ile ya prosesa yangu, BIOS iliyokuwamo (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) ilikuwa ya zamani kuliko prosesa yenyewe, hivyo haikuitambua kabisa. Ilinibidi niazime prosesa ya kizazi cha nyuma, niifunge, nisasishe BIOS, kisha niirudishe ile yangu, ndipo picha ikatokea.

Tangu siku hiyo sinunui prosesa kabla ya kufungua ukurasa wa ubao mama kwenye tovuti ya mtengenezaji wake na kusoma orodha ya prosesa zinazokubalika, ambayo huonyesha pia toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja. Kipuri kinaweza kuingia mahali pake barabara na bado kisielewane na mwenzake. AMD, mtengenezaji wa prosesa, ilianza kutumia soketi ya AM4 mwaka 2016, na prosesa zake za Ryzen 5000 zilizotoka mwaka 2020 zinaingia kwenye mbao nyingi zilizozitangulia, ila kwa sharti kwamba BIOS iwe imesasishwa. Baadhi ya mbao zina kitufe kinachokuwezesha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa yoyote kuwamo ndani, na mtu anayenunua ubao uliokwisha kutumika anapaswa kukithamini kitufe hicho kuliko taa za rangi.

Ubao mama ndio unaoamua pia aina ya RAM. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, zote zina pini 288, lakini mkato uliopo kwenye ukingo wa kila moja uko mahali tofauti, kwa hiyo moja haiwezi kukaa kwenye nafasi ya nyingine. Soketi ya AM5 ya AMD, iliyotoka mwaka 2022, hutumia DDR5 pekee, ilhali mbao za Intel zenye soketi ya LGA1700 zimetengenezwa za aina mbili, nyingine za DDR4 na nyingine za DDR5, na majina yake hukaribiana kiasi cha kumchanganya mnunuzi mwenye haraka. Nunua vipande viwili vya RAM vilivyofungashwa pamoja badala ya kipande kimoja kikubwa, kwa sababu viwili hufungua njia mbili za kupitisha data, na katika gemu tofauti hiyo huonekana.

Hata hivyo, fedha zisigawanywe kwa kuanzia kwenye ubao mama. Zianzie kwenye skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na ile ya 3840 kwa 2160 ina pikseli 8,294,400, yaani mara nne kamili, na kadi ya grafiki ndiyo inayobeba mzigo huo kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. Mtu mwenye skrini ya kwanza tena ya Hz 60 (inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde), anayenunua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya skrini ya pili, amelipia nguvu ambayo macho yake hayataiona. Kwangu mimi, kompyuta ya gemu yenye uwiano mzuri ni ile ambayo kadi ya grafiki imechukua sehemu kubwa kuliko kipuri kingine chochote, prosesa ikawa ya wastani yenye viini (cores) sita au nane, na ubao mama ukawa wa kawaida usio na mapambo. Kama tayari unayo kompyuta na unataka kuiboresha tu, fanya jaribio moja kabla ya kutoa fedha: punguza ubora wa picha ndani ya gemu uipendayo hadi chini kabisa, kisha utazame idadi ya fremu kwa sekunde. Ikipanda sana, kikwazo chako ni kadi ya grafiki. Ikibaki pale pale, kwa kawaida kikwazo ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia kitu.

Bei ndogo ya kadi nayo ichunguzwe. Radeon RX 6500 XT, kwa mfano, hutumia njia nne tu za PCIe (muunganisho wa kadi na ubao mama), na ikifungwa kwenye ubao wa kizazi cha 3 badala ya cha 4 hupata nusu ya upana wa kupitishia data, kwa hiyo mwenye ubao wa zamani, ambaye ndiye hasa hutafuta kadi ya bei nafuu, ndiye anayepunjika zaidi.

Kuhusu pawasaplai, kifaa kinachovipa vipuri vyote umeme, nina msimamo mkali. Watu wengi huiweka mwisho wa orodha na kuinunua kwa chenji iliyobaki, ilhali ndiyo inayogusa kila kipuri kingine. Alama ya 80 PLUS huonyesha jinsi inavyotumia umeme bila kuupoteza kama joto. Haikuhakikishii kwamba kinga zake dhidi ya hitilafu ni imara, kwa hiyo soma majaribio huru ya modeli ile ile unayotaka. Nguvu yenyewe hukadiriwa kwa kutazama kadi: GeForce RTX 4060 ina kiwango cha wati 115 na RTX 4090 cha wati 450, kisha unaongeza prosesa na kuacha nafasi ya kutosha kwa matumizi ya umeme yanayopanda ghafla. Na ukibadilisha pawasaplai yenye nyaya za kuchomoa, ondoa nyaya zote za zamani hata kama plagi zinafanana, maana mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana baina ya watengenezaji, na waya usio wake unaweza kuunguza diski kwa sekunde moja.

Kasha lipimwe kwa milimita: urefu wa kadi, na kimo cha kipoza joto cha prosesa. Nimewahi kurudisha kipoza joto kwa sababu ya milimita tatu tu zilizozuia mlango wa kasha kufunga.

Kazi ikishakamilika, hakikisha unapata ulichokilipia. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 mara nyingi huanza kwa 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa) ndani ya BIOS, na skrini ya Hz 144 huweza kubaki kwenye Hz 60 mpaka uibadilishe katika mipangilio ya Windows. Binamu yangu mdogo aliwahi kuniita akilalamika kwamba kompyuta yake mpya ilikuwa nzito katika kila gemu, na alikuwa ameanza kuzungumzia kuuza kadi yake. Niliigeuza ile kompyuta nitazame nyuma. Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi, na matundu yote ya kadi ya grafiki yalikuwa bado na vifuniko vyake vya plastiki.