Binti yangu amesema heri mdogo wake asingezaliwa

Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili. Wa pili, mwenye miaka 7, alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji akiwa na siku mbili, na baadaye akawekewa mrija wa kupunguza maji kichwani. Anatumia kiti cha magurudumu, na mkojo tunamtoa kwa mpira kila baada ya saa chache. Dada yake, mwenye miaka 12, ndiye msaidizi wangu. Juzi alisema mbele yetu sote kwamba amechoka, na kwamba heri mdogo wake asingezaliwa. Nilimpiga kofi. Mama mkwe anasema jambo hili limetoka katika ukoo wetu, na mume wangu, ambaye sasa anataka mtoto wa tatu, hasemi kitu. Mimi natumia dawa za kifafa tangu usichana. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na binti yako, kwa kuwa nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta anasoma darasa gani, rafiki zake ni nani, au anapenda kufanya nini, na sikupata isipokuwa kwamba ni msaidizi wako. Sikulaumu, maana mtoto mwenye mahitaji mengi huimeza saa ya kila mtu nyumbani. Hata hivyo, maneno aliyoyasema hayakutoka kwenye chuki. Ndugu wa watoto wenye hali hii mara nyingi hubeba kwa pamoja mapenzi, wivu, uchovu na aibu ya kuona wivu, pamoja na hofu kwamba mdogo wao anaweza kufa kila anapopelekwa hospitali kwa ajili ya ule mrija, na asipopatikana mtu wa kumwuliza, yote hayo hutoka siku moja kwa sentensi mbaya. Mwombe radhi kwa kofi lile, mkiwa wawili tu, na usimalize kwa neno “lakini”. Kisha mwulize anaogopa nini, umwache aseme hadi mwisho.

Jambo la pili ni kumwondolea kazi ya mpira wa mkojo, na uiondoe moja kwa moja, si kwa kumpunguzia zamu. Yeye anaingia umri wa kubalehe, na mdogo wake anaanza kuijua haya. Kushikana sehemu za siri kila siku kunawadhalilisha wote wawili hata kama hakuna anayelisema. Najua utaniuliza nani atafanya. Kwa sasa ni wewe na baba yake, ambaye sioni popote katika barua yako kwamba amewahi kuushika mpira huo, na ambaye anaweza kufundishwa kliniki kama ulivyofundishwa wewe. Baadaye atafanya mtoto mwenyewe, na muda wa kuanza kumfundisha umefika, kwa sababu watoto wengi wenye mikono inayoweza na akili ya kufuata hatua hujifunza kujitoa mkojo katika umri wa shule ya msingi. Muuguzi wenu atapima utayari wake. Watoto waliowahi kujaa maji kichwani wakati mwingine hupata shida ya kupanga hatua kwa mfuatano, ingawa wanaongea kwa ufasaha kabisa na kumfanya mtu mzima adhani ni uvivu. Kwa hiyo mchoree hatua hizo ukutani, kuanzia kunawa mikono hadi kutupa mkojo, na umwache afanye hatua moja mwenyewe kwa majuma kadhaa kabla ya kumwongezea nyingine. Hakikisha pia kwamba mipira na glovu mnazotumia hazina lateksi, yaani mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti, kwa kuwa watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi kuliko wengine. Ratiba isilegezwe wakati wa mafunzo: mishipa ya fahamu inayokiendesha kibofu ina hitilafu, na mkojo unaobaki humo huleta maambukizi, na shinikizo lake likirudi juu huharibu figo kimyakimya.

Kitu kimoja tu binti abaki nacho, kwa sababu kumnyima kungemwongezea hofu: ajue dalili za mrija kuziba. Mdogo wake akiumwa kichwa na kutapika, akisinzia kuliko kawaida au akipata degedege, amwite mtu mzima papo hapo. Kuamua si kazi yake.

Kuhusu mama mkwe, ukweli ni mfupi. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kutojifunga kwake, ambako ndiko huleta mgongo wazi, hutokana na mchanganyiko wa urithi, ambao baba pia huuchangia, na mambo mengine kama upungufu wa asidi ya foliki, kisukari kisichodhibitiwa au baadhi ya dawa. Hakuna ukoo wa kuhukumiwa hapo. Anayepaswa kumweleza mama huyo ni mwanawe, na kunyamaza kwake mimi sikuhesabu kuwa upole.

Nakuja kwa mtoto wa tatu, na kwa zile dawa ulizozitaja katika mstari mmoja. Familia iliyokwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi hukabiliwa na uwezekano wa mimba 2 hadi 5 katika kila 100 kuwa na tatizo hilo tena. Asidi ya foliki huupunguza sana, ila kwako haitoshi mikrogramu 400 za kila siku anazoshauriwa mwanamke yeyote. Utahitaji kipimo cha takriban mara 10, kitakachoandikwa na daktari, uanze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na uendelee hadi wiki ya 12. Mwoneshe pia dawa zako za kifafa. Valproeti inajulikana kuongeza hatari hii, na kama ndiyo unayotumia, daktari anaweza kukubadilishia taratibu. Usiiache wala usiipunguze kwa uamuzi wako, maana kifafa kikikurudia ukiwa mjamzito kitawahatarisha wewe na mtoto pia. Hadi mambo hayo yakamilike, tumieni njia ya uzazi wa mpango, na umtajie mhudumu dawa zako, kwa kuwa baadhi ya dawa za kifafa huupunguza uwezo wa vidonge vya kuzuia mimba. Kwa daktari mwende wote wawili. Anayemtaka mtoto wa tatu ni mumeo, naye ayasikie haya kwa masikio yake.