Kocha mkuu anataka nini kwa msaidizi wake

Mwalimu hongera sana kwa kupewa nafasi kwenye timu ya haiskuli hapo Texas, umeuliza kocha mkuu atategemea nini kwako maana hii futiboli yao ya helmeti, ya Kimarekani, hujawahi kuicheza. Mimi nimesaidia misimu minne huku na nakwambia kabisa cha kwanza ni mseme lugha moja. Akisema vijana wa mstari wa mbele waanze na mguu wa kulia basi na wewe fundisha hivyohivyo hata kama umeona njia nyingine YouTube, wazo lako mpelekee ofisini mkikaa kuangalia video ya mechi ya Ijumaa, sio mbele ya madogo. Msimu wangu wa kwanza nilimbishia kocha katikati ya mazoezi, kwotabeki wetu, yule anayeongoza mashambulizi, akabaki hajui amsikilize nani, mpaka leo inaniuma.

Halafu wajue vijana wako. Nani hajala, nani anayumba darasani, maana kule akipata chini ya 70 kwa 100 kwenye somo anaweza kusimamishwa kucheza na kocha mkuu hataki kuisikia habari hiyo Alhamisi usiku, anataka wewe uwe umeiona wiki tatu kabla.

Na dogo akigongwa kichwa ukamwona kama haeleweki mtoe hapohapo, siku hiyo harudi, ni sheria, hata kama ndio staa wenu na mnafungwa. Hapo usisubiri kuambiwa na mtu.