Mtaro kwanza, changarawe baadaye: namna ya kuidai barabara ya mtaa Kigoma

Ujumbe umetufikia kutoka Gungu. Dada mmoja anasema barabara ya mtaa wao imechimbika kiasi kwamba giza likiingia bodaboda hazikubali kupanda. Abiria wanashushwa chini kabisa, wanamalizia mlima kwa miguu, na vijana wa ovyo wameshajua pa kuwasubiri. Mkutano wa mtaa umeitishwa, watu wamesema kwa uchungu, mwenyekiti ameahidi kulifikisha juu. Kimya. Anauliza wamfuate nani sasa.

Swali hili tunalipata pia kutoka Mwanga, Buzebazeba na Kibirizi, na jibu letu halibadiliki: malalamiko hayana kifungu kwenye bajeti. Kinachoingia kwenye bajeti ni kazi yenye mahali, urefu na kipimo. Ukisema "barabara yetu mbovu", mhandisi hana cha kuandika. Ukisema "mtaro wa mawe mita 180, upande wa kushoto, kuanzia msikitini kushuka hadi kalavati la chini", yaani bomba linalopitisha maji chini ya barabara, ameshapata mstari wa kujaza kwenye jedwali lake.

Kabla ya kupima, mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kutoka mjini kupitia Kidahwe kwenda Kasulu, ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za mitaani ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, ndiyo maana hadi leo kuna wazee wanaokwenda manispaa kudai greda. Manispaa ya Kigoma/Ujiji bado ina sauti kupitia madiwani wake, lakini mikataba ya matengenezo iko TARURA. Ule mfereji uliokatwa barabarani kupitisha bomba, ukafukiwa bila kushindiliwa na sasa umetitia, mkaulizie mamlaka ya maji. Nguzo iliyoinamia njia ni ya TANESCO. Barua ikienda kwa asiyehusika, inakaa huko hadi msimu wa mvua upite, na hakuna atakayewapigia simu kuwaambia mmekosea mlango.

Sasa vipimo. Watu wanne wanatosha: fundi ujenzi, dereva wa bodaboda anayepita hapo kila siku, mama anayefanya biashara kando ya barabara, na mjumbe wa kamati ya mtaa. Msimwache yule mama. Yeye ndiye anayeona maji yanatokea wapi na yanavunja wapi, maana yanampitia miguuni. Bebeni futi ya mita 50, kamba, bomba jembamba la plastiki linaloonyesha maji ndani (lile la mafundi la kutafutia usawa), daftari na simu ya kupigia picha. Tembeeni mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Kiangazi barabara inadanganya.

Mtakachokiona kwenye vilima vyetu ni kwamba adui mkubwa ni maji. Chukua nyumba yenye bati la mita za mraba 60. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, paa hilo peke yake linamwaga lita 1,200. Nyumba 40 za upande mmoja wa mlima zikimwaga barabarani ni lita 48,000, zinazoshuka ndani ya muda mfupi juu ya udongo mwekundu usio na ukoka. Hapo hata umwage changarawe ya dhahabu, itaishia bondeni. Kwa hiyo ombi la mtaa linaloanza na "tuleteeni moramu", yaani kifusi cha changarawe cha kutandika juu, limeanzia mwisho. Anzeni na mtaro.

Pimeni mteremko. Mmoja ashike ncha ya bomba juu, mwingine mita 10 chini. Maji yakitulia, kila mmoja apime kimo cha maji kutoka ardhini; tofauti ya vimo hivyo ndiyo kiasi ardhi ilivyoshuka. Ikishuka sentimita 50 katika mita 10, huo ni mteremko wa asilimia 5. Ikishuka mita nzima ni asilimia 10. Mtaro wa udongo mtupu unaweza kuvumilia mteremko mdogo. Ukifika asilimia 5 unahitaji vizuizi vya mawe ndani yake, takribani kila mita 20, ili maji yapunguze mbio na yaache mchanga nyuma ya kila kizuizi. Kwenye asilimia 10 vizuizi vinasogeleana hadi kama mita 5, na hapo ni bora mjengewe mtaro wa mawe na saruji moja kwa moja. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni. Kikijengwa bapa au kikiwa juu katikati, maji yanakizunguka, yanachimba ukingo, na barabara inaanza kuliwa kwa ubavuni. Kosa hili tunaliona kila msimu na linaumiza, kwa sababu mawe yamenunuliwa, nguvu za watu zimetumika, na uharibifu umeongezeka.

Halafu muulizane maji yatatokea wapi. Hapa ndipo mitaa mingi inagombana, na ndipo mkutano una kazi ya kweli. Katubuka wanalijua jambo hili vizuri: maji yanayoshushwa kutoka juu bila njia ya kutokea yanakwenda kutuama kwenye nyumba za watu wa chini. Kila mchepuko wa maji utapita kwenye kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja akubali mbele ya mkutano, jina na saini yake viingie kwenye muhtasari, na njia ionyeshwe kwa vigingi. Mkandarasi akifika na mwenye kiwanja akakataa, mtaro utakatizwa pale pale, na mtaro usio na mdomo ni bwawa.

Kalavati liangalieni pande zote mbili. Bomba la kipenyo cha milimita 600 ndilo dogo tunaloshauri kwa barabara ya mtaa. Chini ya hapo chupa za plastiki, matawi na mchanga vinaliziba katika msimu mmoja, na hakuna mtu anayeweza kuingiza koleo ndani kulizibua. Liwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita. Mahali maji yanapotokea pasakafiwe kwa mawe, vinginevyo yatachimba shimo, na shimo litarudi nyuma hadi kichwa cha kalavati kidondoke.

Mkishamaliza maji, ndipo moramu. Barabara iwe na mgongo: kwa upana wa mita 5, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 10 hadi 15. Hesabu ya kifusi si ngumu. Mita 100 kwa upana wa mita 5 kwa unene wa sentimita 15 uliokwisha kushindiliwa ni mita za ujazo 75. Kwa kuwa kifusi cha kwenye lori kimejaa hewa, ongezeni kama asilimia 30, mnapata karibu mita za ujazo 98. Lori la mita za ujazo 7 litaleta safari 14. Kwa hiyo mkiona safari tano zimemwagwa kwenye mita 100 na greda limepita juu, mjue mmepakwa rangi. Unyevu nao una kipimo cha mkononi: finyanga moramu kwenye kiganja. Ikishikamana bonge, na ukiiachia chini ikapasuka vipande viwili vitatu, iko tayari kushindiliwa. Ikimwagika kama unga inataka boza la maji. Ikikuachia maji kwenye vidole, wasubiri ikauke. Moramu iliyoshindiliwa kavu inageuka vumbi na kokoto zinazoteleza, na pikipiki za usiku ndizo zinazoanguka kwanza.

Ongezeni na hesabu ya vyombo: siku moja ya kawaida na siku moja ya soko, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, mkitenganisha pikipiki, bajaji, magari madogo na malori. Kama ni njia ya kupandisha dagaa na migebuka kutoka Kibirizi, au ya wajawazito kufika zahanati, iandikwe. Fedha haitoshi barabara zote, kwa hiyo mtu anayepanga lazima achague, na anachagua kwa kilichoandikwa.

Karatasi hizo ziende wapi? Mkutano mkuu wa mtaa, ambao kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria, ndio mlango wa kwanza. Ombi lipitishwe hapo na liandikwe kwenye muhtasari na mtendaji wa mtaa, kisha liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu. Nakala nyingine ipelekwe ofisi ya TARURA ya wilaya, na ya kwenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Nakala isiyo na mhuri haina mdomo. Kwa barabara ya TANROADS, mpeni mbunge na diwani vipimo vile vile, kwa sababu mambo yake yanajadiliwa kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mipango inapikwa miezi mingi kabla, kuanzia mwisho wa mwaka unaotangulia. Ombi lililofika Novemba limewahi. Ombi la Aprili, Bunge likiwa limekaa kwenye bajeti, limeshachelewa, labda kama ni dharura: kalavati limekatika, daraja limeondoka. Hapo pigeni picha yenye kitu cha kupimia ndani yake, hata jembe, ili anayeiona ofisini ajue ukubwa wa shimo, na ipelekwe siku hiyo hiyo.

Kazi ikianza, nendeni kwenye ubao wa mradi. Unapaswa kuwaonyesha jina la kazi, mwajiri, mkandarasi, msimamizi na muda. Haupo? Ulizeni kwa maandishi kupitia mtendaji. Mfereji ulioachwa wazi usiku uwe na utepe, mapipa au vigingi vyenye viakisi mwanga, na kila nyumba iwe na kivuko imara. Ubao mmoja unaoyumba haumfai mzee wala mtoto anayetoka chooni usiku. Njia ya mchepuko ya magari imwagiwe maji wakati wa kiangazi. Mikataba mingi ina kipindi cha uangalizi wa kasoro, kwa kawaida miezi 12 baada ya makabidhiano, ambapo mkandarasi anarekebisha kwa gharama zake. Huo ndio muda wa kutembea tena na futi yenu na kuandika kila ufa. Ukiisha, kasoro ni mali yenu.

Kuhusu matuta tutasema waziwazi, hata kama kuna watakaokasirika: acheni kujijengea matuta ya udongo na magogo. Tunaelewa uchungu wa mzazi ambaye mtoto wake amegongwa. Lakini tuta la kienyeji, jembamba na lenye ncha, halina alama wala rangi, linamwangusha dereva wa pikipiki na abiria wake usiku, na upande wa juu linatuamisha maji yanayooza barabara. Tuta la kitaalamu lina mgongo mpana, kwa mfano mita 3.7 kwa kimo cha sentimita 10, lina nafasi ya maji kupita kingoni, na dereva anaonywa kwa kibao kabla hajalifikia. Liombeni kwa mwenye barabara, mkitaja shule au kivuko kilipo. Mwendo wa kikomo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani wanaweza kuombwa waje kwenye mkutano.

Vijiwe vya bodaboda visajiliwe kwa mtendaji, kila dereva awe na namba kubwa mgongoni kwenye kiakisi, na orodha ya namba na majina ikae ofisi ya mtaa. Abiria akiibiwa, anachokumbuka ni namba.

Ulinzi shirikishi nao unataka daftari kuliko marungu. Andikeni zamu, majina, saa ya kuanza na kumaliza, waliyemkuta na walichofanya. Watembee wanne wanne, na tochi, filimbi na viakisi, wapite kwanza kwenye korongo, kwenye pagale na penye taa zilizokufa. Wakimkamata mtu wamfikishe kwa Polisi Kata au kituoni. Namba ya dharura ni 112, na moto ni 114. Aliyekamatwa asipigwe. Kipigo kinaigeuza kesi ya mwizi kuwa kesi ya walinzi, na baada ya hapo hakuna kijana atakayekubali zamu. Michango itolewe kwa stakabadhi, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo kila mwezi, yakionyesha betri ngapi zimenunuliwa na kwa bei gani. Kaya zinazoacha kuchangia mara nyingi zimeacha kwa sababu hazijawahi kuona hesabu.